Jiwe Lenye Giza Katikati

Kanazi, Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Konsolata mwanangu,

Umeondoka asubuhi kwenda Bukiriro kumuaga shangazi yako, nami nimeketi kwenye dirisha hili nikiomba akucheleweshe. Namjua dada yangu. Atakupikia, atalia kidogo, atasali rozari nzima juu ya kichwa chako, halafu ukiwa umeshafika njiani atakuita urudi kwa sababu hajakupa karanga. Kwa hiyo nina muda mpaka jua lipite upande wa pili wa migomba. Kesho lori la Biharamulo likifika hutakuwa na nafasi ya kunisikiliza, na mimi sitakuwa na ulimi.

Habari za sweta, za baridi ya Iringa na za kutokula kwa watu usiowajua, mama yako amekwisha kukwambia mara tatu na atakwambia ya nne. Sizigusi. Hata hivyo tangu nianze kuandika nimesimama mara mbili kwenda kutazama kamba ya sanduku lako, niliyoifunga mwenyewe jana na haina kasoro yoyote. Mama yako akaniambia kama nimekosa kazi nikapalilie maharage. Ndivyo nilivyo leo, situlii, na utaona sababu yake.

Nianze na swali uliloniuliza Jumapili tukitoka misa. Uliniuliza, "Baba, mawe mawili yote yanang'aa, moja wanaliweka daraja la kwanza na jingine la tatu. Wanajuaje?" Nikakujibu, "Utafundishwa hukohuko," nikaongeza mwendo kama mtu aliyeona mvua. Jibu nilikuwa nalo lote. Nililikimbia kwa sababu nikianza kulieleza nitafika mahali ambapo sijawahi kufika mbele yako.

Basi sikiliza. Almasi ikitoka ardhini haina maajabu, ukiikuta njiani utaipiga teke. Kinachoipa uhai ni mkato. Ukubwa wake ni kazi ya mzani, hata karani wa kahawa anauweza. Rangi yake na madoa yake ni kazi ya Mungu. Mkato peke yake ndio kazi ya mtu, kwa hiyo siku wanapokagua mkato wanakukagua wewe.

Mkaguzi huanza na umbo. Jiwe la mviringo lina uso bapa juu, tuliouita meza. Lina kiuno, pale lilipo pana kuliko pote. Chini ya kiuno kuna tumbo linalochongoka mpaka ncha. Mwanga huingia kwenye meza, hushuka, hugonga ukuta mmoja wa tumbo, huvuka ukagonga ukuta wa pili, kisha hupanda na kumrudia anayetazama. Kuta zile zikiwa na pembe ya karibu nyuzi arobaini na moja, mwanga unarudi wote, na jiwe linakuwa kama limewashwa kwa ndani. Tumbo likiwa fupi mno, mwanga unavujia chini, na ndani ya meza utaona duara jeupe lililopooza, mfano wa jicho la samaki aliyelala sokoni tangu juzi. Pembe ikizidi na tumbo likawa refu mno, mwanga unatorokea ubavuni, na katikati ya jiwe panabaki giza. Baada ya umbo hutazama ulinganifu, kama nyuso bapa zote hamsini na nane za jiwe zinakutana ncha kwa ncha bila kupishana. Mwisho hutazama msuguo, kama gurudumu la kusugulia limeacha mikwaruzo. Lakini jiwe lenye giza katikati, hata ulisugue mpaka Pasaka, halipandi daraja.

Na usikubali kamwe kulikagua jiwe juani. Juani hata kipande cha chupa hung'aa. Mkaguzi hukaa dirishani penye kivuli, akalitikisa taratibu mbele ya mwanga wa mbingu tu, na hapo jiwe linasema lenyewe.

Hayo yote niliyajua nikiwa kijana wa miaka ishirini na sita, na hayakunisaidia kitu siku nilipoyahitaji.

Unajua kwamba nilifanya kazi huko Iringa unakokwenda, kwenye kiwanda hichohicho cha kuchonga almasi. Unachojua pia ni kwamba niliacha kazi kwa hiari yangu niliposikia wito wa kurudi kujenga vijiji vya ujamaa. Umelisikia hilo kwa baba yako mdogo Matayo, umelisikia kwa katekista, na ulipokuwa darasa la sita uliliandika kwenye insha ukaisoma mbele ya wazazi. Ulipigiwa makofi sana. Nilikuwa benchi la nyuma siku ile, na mimi nilipiga makofi.

Nimetoka tena. Nimekwenda mpaka barabarani kutazama kama unakuja. Huji. Naendelea.

Kiwandani tulikuwa wawili tu kutoka mkoa wetu, uliokuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi: mimi, na Msubi mmoja wa Biharamulo aitwaye Yusufu. Wenzetu walitucheka kwa jinsi tulivyochanganya r na l, na kicheko chao kikatufanya ndugu. Mwezi wa Ramadhani nilishinda na njaa makusudi ili jioni nifuturu naye. Noeli yeye ndiye aliyepika, maana mimi wali wangu ulikuwa uji. Kazini mimi niliweka zile nyuso kubwa za kwanza, zinazoamua pembe ya tumbo, na yeye alikuwa mmaliziaji, anayeongeza nyuso ndogo. Jiwe lilitoka kwangu likiwa ndani ya bahasha yake, likaenda kwake. Sheria ilikuwa kwamba anayepokea hupima pembe upya kwa kipimo chake mwenyewe, halafu hutia sahihi.

Lakini wewe unatujua. Hapa kwetu jirani akikuletea kapu la mtama akasema ni vibaba vinane, hupimi tena mbele yake. Kupima ni kumwita mwongo uani kwako. Na kumpima mtu wa nyumbani mkiwa ugenini, mbele ya watu wanaowacheka, hilo hata halifikiriki. Kwa hiyo Yusufu hakupima. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka akaniuliza, "Ngapi?" Nami nikamtajia. Akatia sahihi. Tulifanya hivyo miaka miwili, na kwa miaka miwili niliyomtajia yalikuwa kweli.

Kisha likaja jiwe kubwa kuliko yote niliyowahi kushika, lilikuwa kama punje ya hindi bichi. Mimi ni mtoto wa mkulima wa kahawa, Konsolata. Nimekua nikimwona babu yako amesimama mbele ya mzani wa chama cha ushirika, amezuia pumzi mpaka mshale utulie. Kwetu kilicho kizito ndicho chema, hatuna maneno mengi juu yake. Kulisugua tumbo la jiwe lile mpaka pembe ikae sawa kulimaanisha sehemu yake kubwa igeuke vumbi, na lile vumbi liliniuma kana kwamba shamba letu linachukuliwa na mvua mbele ya macho yangu. Tena kulikuwa na minong'ono kwamba atakayetunza uzito atapandishwa kwenda meza ya mawe makubwa. Nikaacha kusugua kabla ya wakati. Nikapima. Nikapima tena, ingawa nilijua sitaona kitu kingine. Namba niliyoiona nitaitaja mwisho wa barua, kwa sababu yuko mwingine anayestahili kuambiwa kabla yako.

Mkono wa Yusufu ulikuwa umeshanyooshwa. "Ngapi?"

"Arobaini na moja," nikasema.

Mkaguzi wetu alikuwa mzee asiye na maneno. Aliliweka jiwe dirishani, akalitikisa mara moja tu, akatuita wote wawili. "Lina giza," akasema. "Nani alipima?" Kwenye bahasha palikuwa na sahihi ya Yusufu. Yusufu akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu aliyesahau alikoweka ufunguo na anataka mwenzake amkumbushe.

"Kasiani, si ilikuwa arobaini na moja?"

Ningeweza kusema. Nilikuwa na muda wa kutosha, usidhani mambo yalikwenda mbio. Nikasema, "Ndiyo."

Mzee akasema basi limeharibikia kwa mmaliziaji. Yusufu aliondolewa kwenye gurudumu akapelekwa chumba cha nyuma kuchemsha mawe ya wengine katika tindikali na kuyaosha. Jiwe akapewa mtu mwingine alichonge upya, na likapungua kuliko ambavyo ningelipunguza mimi.

Nilidhani Yusufu ataninunia. Hakuninunia. Alikuwa akipita na beseni lake, vidole vimeungua, ananisalimu kwa Kisubi na kuniuliza kama nimepata barua kutoka nyumbani. Jioni alirudia maswali yaleyale. Je, alibonyeza sana? Je, gurudumu lilikuwa limeyumba? Nikamwambia aache kujisumbua, ni ajali. Niliweza kuvumilia hivyo miezi minne. Halafu redio ikaanza kuwataka watu warudi vijijini, na mimi nikaona mlango umefunguliwa. Ndivyo nilivyouitikia ule wito uliouandikia insha.

Aliyekimbia akifika mbali hujifanya alitumwa. Nilirudi na moto ambao hata vijana wa chama walinishangaa. Nikafanywa katibu wa kijiji. Nilipanga nyumba kwa kamba, mstari mmoja, milango yote ikitazama barabara, na wageni wa wilaya walipokuja saa sita, jua la utosi, walisema kijiji chetu ni cha mfano. Bibi yako, mama wa mama yako, nilimtoa mgombani kwake nikamweka kwenye mstari, mwendo wa saa nzima kutoka chemchemi. Kwa kuwa mkwe hasemi na mkwewe uso kwa uso, alinitumia neno kupitia mama yako: "Mwambieni, nyumba yake imenyooka, ila mimi nimepinda kwa mtungi." Nilicheka siku ile. Leo silicheki, maana nilikuwa nimerudia lilelile, nimechonga kitu kizuri kwa macho ya juani.

Sasa sehemu iliyo ngumu kwangu. Mwaka wa vita, unakumbuka, kijiji kilichanga maharage ya askari, na mimi ndiye niliyeyapeleka Biharamulo. Mji ulijaa malori yanayokwenda Bukoba na watu wanaotoka huko na magodoro. Tukiwa tunangoja kupakua, mtu akanigusa bega. Alikuwa Yusufu. Amekuja kumchukua mama yake, kwa kuogopa vita visije vikamkuta peke yake. Alinikumbatia mbele ya watu wote, mimi na vumbi langu la magunia. Vidole vyake vilikuwa bado na mabaka.

Nikamuuliza kama bado yuko kwenye tindikali. Akacheka. "Miaka mitatu, ndugu yangu. Harafu wakanirudisha. Sasa nafundisha vijana kukagua mkato."

Nikamwambia hongera. Nikataka kuondoka. Akanishika mkono.

"Unajua siku ya kwanza huwa nawafundisha nini? Nawasimulia rile jiwe letu. Nawaambia, mimi mwalimu wenu niliwahi kuharibu jiwe zuri, na mpaka leo sijui niliharibia wapi. Nimeyapitia mambo yote, Kasiani. Sioni."

Nilikuwa nimeshika maharage machache yaliyotoka kwenye gunia. Nikayahamisha kutoka kiganja hiki kwenda kile. Yeye akaendelea, akasema siku hizi kiwanda kinachukua na wasichana, kama nina mtoto mwenye jicho nimpeleke. Nikasema nitaangalia. Dereva akapiga honi, nami nikalishukuru lile lori kwa moyo wote, na mpaka leo naona aibu kwa shukrani ile.

Jicho unalo, na hukulipata kwangu. Ulikuwa na miaka tisa ulipoipata lenzi yangu ndani ya kopo la chai, ukaanza kukagua kila kitu humu ndani: punje za mchele, mabawa ya nzi, mshono wa nguo ya kipaimara. Ukaniambia mlango alioutengeneza fundi umepinda kwa juu, na ulikuwa umepinda kweli, mimi nimeupita miaka mitano. Nilikufundisha kwa vipande vya mawe meupe ya mtoni. Kila ulipopatia nilifurahi na kuogopa kwa pamoja.

Kisha tangazo likabandikwa ofisi ya wilaya, ukaomba mwenyewe, hukuniuliza, na ukaitwa. Barua yako ya kuitwa niliisoma nikiwa nimesimama. Chini kabisa palikuwa na jina la mwalimu wa ukaguzi. Ni yeye. Ndipo ikaja ile fomu ya kupeleka, yenye nafasi ya jina la mzazi au mlezi, nami nikamwandika baba yako mdogo. Uliniuliza, "Baba, mbona umemwandika Matayo?" Nikasema Matayo ana sanduku la posta la misheni, barua hazipotei. Uliniamini. Jina letu la Bukuru halikunitia wasiwasi, kina Bukuru ni wengi Ngara, popote wazaliwapo mapacha, wa kwanza ni Bukuru. Nilikuwa nimepanga ukae mbele ya Yusufu miaka mitatu, umsikilize siku ya kwanza akisimulia jiwe lile, ucheke au uhuzunike pamoja na wengine, bila kujua kwamba aliyeliharibu ndiye aliyekufungia kamba ya sanduku.

Mama yako ndiye aliyenikamata. Yeye nilimweleza usiku ule niliporudi na lori tupu, maana sikuweza kula. Alinyamaza muda wote huu, kwa heshima yangu. Juzi akaiona fomu. Hakupaza sauti. Alikuwa anamenya ndizi, akasema, "Baba Konso, mwana wanje, mwanangu mwenyewe, unampeleka kwa yule mtu umemfunga kitambaa machoni. Mwambie wewe, au nitamwambia mimi, na mimi sijui kuliremba." Akaendelea kumenya.

Kwa hiyo nimeichukua fomu. Jina la Matayo nimelikata kwa mstari mmoja, juu yake nimeandika langu. Karani akikuuliza mbona imechafuka, mjibu kwamba baba yako alikosea. Barua hii nitakupa leo jioni mkononi, sitaificha sandukuni, ili ukipanda lori upande ukijua unakwenda kwa nani. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie hapahapa, nikuone. Nitaogopa zaidi ukiwa na adabu.

Sijui Yusufu atafanya nini. Huenda akakurudisha kwa lori la kwanza, na itakuwa haki yake kwangu, si haki yake kwako, lakini hasira haijui kuchagua. Huenda ukaikosa kazi uliyoipata kwa jicho lako mwenyewe, kwa ajili ya neno moja nililolisema kabla hujajua kusoma. Hilo ndilo linalonifanya nizunguke ua mzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nimelipima huku na huku. Nikinyamaza, unabaki na nafasi yako na yeye anabaki na giza lake. Nikisema, naweza kukuharibia. Niliwahi kutunza uzito mara moja, mwanangu, na nimeona kilichobaki katikati. Safari hii nimesugua. Vumbi ni letu sote wawili, na hilo unisamehe ukiweza.

Jambo moja tu nakuomba, nalo halihusu tabia. Ukiletewa jiwe, pima. Akikuletea rafiki, pima. Akikuletea mtu wa Ngara anayeongea kama mama yako, pima mbele yake, aone unavyopima, mpaka azoee kwamba kwako hilo si tusi. Hata haya niliyoyaandika humu, usiyachukue kwa sababu ni ya baba. Muulize Yusufu, uone kama yanakutana ncha kwa ncha.

Lenzi iko ndani ya kopo la chai, nimeliweka juu ya nguo zako. Ina mkwaruzo pembeni, haizuii kuona.

Mbwa wa jirani wanabweka upande wa barabara. Nadhani ni wewe, na karanga za shangazi yako. Karatasi inayofuata si yako, ingawa nimeiacha wazi uisome. Mpe Yusufu mkononi siku ya kwanza, kabla hajaanza kusimulia. Nimeandika kwa herufi kubwa, maana macho ya wachongaji huchoka mapema.

Baba yako

—

Ndugu yangu Yusufu,

Hukuharibu popote. Jiwe lilipotoka mkononi mwangu lilikuwa arobaini na tatu na nusu, na nilijua.

Anayekupa karatasi hii ni mwanangu. Nasema ana jicho. Usilichukue neno langu. Mpime mwenyewe.

Kasiani Bukuru